Mayai ya Konokono Lamboni

Taabu ilianza mwaka wa ukame, nikiwa na miaka saba. Juzi niliona dizeli imemwagika dimbwini hapa Mkonze, nikakumbuka. Mwaka ule bwana afya alikuwa amemwaga mafuta kwenye lambo letu, eti kuua mbu. Maji yalinuka kama taa ya mafuta, yaking'aa rangi za kupendeza. Kwenye majani, ndani ya mayai ya konokono, vitoto nilivyozoea kuviona vikizunguka vilikuwa vimetulia. Nikadhani vimelala.

"Mama, maji yananuka, tuhame!"

"Tuhamie wapi, we mtoto? Lambo ni hili hili. Puliza mafuta yasogee, unywe."

Nikapuliza, nikanywa. Vitoto havikutoka kamwe. Mafuta yaliviulia humo humo ndani.

Leo nina nyumba ya bati, ng'ombe, na kisima changu chenye mfuniko na kufuli.