Muhoro Uliopashwa Moto Kidogo

Mama aliponipigia simu kutoka kijijini kwetu Kagoma nilikuwa natoka darasani Bukoba, ninakofundisha biolojia. Alisema amekata mgomba mmoja kibanjani, shamba letu linalozunguka nyumba, ukatoa utomvu wa njano. Nilijua papo hapo kuwa ni mnyauko, ugonjwa wa bakteria unaosambazwa na visu. Nikamwambia aung'oe, na kila akimaliza mgomba mmoja apitishe muhoro motoni kabla ya kugusa mwingine.

"Kwa muda gani, mwanangu?"

"Wewe pitisha tu," nikasema, nikakata simu. Maswali yake yalinichosha.

Muhoro huo, kisu kirefu chenye ncha iliyopinda, ulikuwa wa marehemu baba, na mpini aliuchonga mwenyewe. Mama aliogopa mpini huo usiungue. Basi alibeba makaa kwenye chungu kibovu, akawa anaupitisha muhoro juu ya makaa hayo mara moja, kama anavyobabua jani la mgomba la kufunikia chakula, kisha anaendelea kukata. Aliutembeza ugonjwa mgomba kwa mgomba, kwa bidii ya kutia huruma. Miezi michache baadaye ndizi ziliiva kabla ya wakati, na ndani zilikuwa zimeoza.

Baba zangu wadogo wawili waliitisha kikao. Kibanja ni cha ukoo, baba kazikwa humo, na mjane hukaa humo maadamu anakitunza. Walitaka kujua jambo moja tu: kama ni yeye aliyekiua. Ikiwa ndiye, aondoke. Kikapu cha kahawa ya kutafuna kilizungushwa, kisha mkubwa wao akanigeukia.

"Mwalimu, tueleze wewe uliyesoma."

Nikaeleza, na Mungu anisamehe, nilifurahia. Nikasema bakteria naye ana protini zake, na moto mkali huziharibu akafa. Lakini ukimpasha joto kidogo anashtuka tu, na katika kushtuka hutengeneza protini nyingine, za mshtuko wa joto, ambazo huzishika zile zilizoanza kuharibika na kuzirudisha katika umbo lake. Joto dogo humkomaza, nikasema. Ukweli ni kwamba somo hilo halikuhitajika pale. Muhoro ambao haukupata moto wa kutosha hauui kitu, basi, hata asiyesoma angelielewa hilo. Nilitaka wanione.

"Kwa hiyo huyu ndiye aliyeukomaza ugonjwa," akasema baba mdogo, taratibu.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango. Aliniangalia kwa muda mrefu, akingoja niseme habari ya simu. Nikaingiza mkono kikapuni, nikachagua punje nyingine ya kahawa.

"Waitu, wazee wangu, ni mimi," mama akasema. "Niliuonea huruma mpini."

Walimpa wiki mbili. Kibanja wakanikabidhi mimi, kwa sababu nimesoma, nami nikakipokea kwa mikono miwili. Nimeng'oa migomba yote na kupanda maharage, nikingoja udongo usafike.

Sasa mama anaishi nami Kitendaguro, hapa Bukoba, katika chumba cha uani. Wageni wakija huwaambia kwamba Mungu amempa mtoto mwenye moyo. "Niliua kibanja cha baba yake," husema, "na bado akanichukua." Wageni hunitazama kwa heshima. Mama huinamisha macho kwenye kikombe chake, nami sijawahi kumkatiza.