Familia yetu ililinda dada mzima, lupus ikamla mwingine

Wakuu, habari zenu. Haya yametokea kwetu Kiganjo, Thika, na sijaongeza chumvi.

Cucu yetu, mama yake baba, aliugua lupus, ule ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe, hadi akatuacha. Mimi ndiye msichana wa kwanza, kwa hivyo nikapewa jina lake, Wanjiru. Mdogo wangu Njeri akapewa la upande wa mama.

Basi shangazi zangu, madaktari wa kujiteua, wakaamua ugonjwa hufuata jina.

Nililelewa kama yai. Nisikae juani, nipimwe damu kila wakati, nikipiga chafya watu wanapigiana simu. Sijawahi kuugua kitu zaidi ya homa.

Mwaka jana Njeri, ambaye anaishi Ruiru, akaanza kuvimba viungo. Mashavu yakawa mekundu kama ya cucu kabisa. Nikasema apelekwe hospitali. Shangazi mkubwa, Tata Wairimu, akanikata: "Lupus ni yako, wewe ndio Wanjiru. Huyo ni allergy ya sabuni."

Wakambadilishia sabuni. Miezi ikapita wakibadilisha sabuni, na kila mtu ana smartphone.

Miguu ilipovimba nikampeleka mwenyewe kwa daktari. Tata naye akajileta. Daktari alipouliza ni nani kwa familia ako na lupus, Tata akaninyooshea kidole mimi, niliye buheri wa afya.

Daktari akamwambia polepole: "Mama, jeni haziangalii ID. Seli za kinga ni kama watchman wa geti. Kuna tofauti ndogo ndogo kwa jeni zinafanya asitambue wenye nyumba, anaanza kuwapiga. Mjukuu yeyote anaweza kuzipata, zingine kwa cucu, zingine kwa mamake. Na akizipata si lazima augue. Risk ndio inapanda."

Tata akaitikia kwa kichwa, eti ameelewa.

Vipimo vilionyesha ni lupus, na imeshaingia kwenye figo. Njeri sasa ni wa dawa za kutuliza hizo seli. Hatujui figo zitarudi kiasi gani, na nina hasira hadi sasa.

Jumapili Tata alikuja kumwona. Akanishika mkono mbele ya mgonjwa: "Wanjiru, tushukuru Mungu. Imekuruka."

Funzo langu ni fupi: kama ugonjwa huu uko kwa damu yenu, dalili zikitokea kwa yeyote, mpelekeni apimwe. Mliopitia haya, andikeni hapa chini.

Na mwenye jibu amsaidie Tata, maana Njeri alimuuliza, naye akachukua mkoba akaaga: "Ningeitwa nani, Tata, ndio mnipeleke hospitali mapema?"