Nafasi ya Kidole Kimoja

Mwalimu Juvenali akikuandikia hata ujumbe wa kuulizia bei ya mafuta ya taa, lazima aanze kwa kuacha nafasi ya kidole. Ndivyo alivyotufundisha sote tuliopita mikononi mwake hapa Nyakahura. Aya mpya, weka kidole pembeni, anza kuandika baada ya kidole. Ukimaliza hoja, ruka mstari. Daftari langu la darasa la nne lilikuwa na nafasi nyingi kuliko maneno, na bado aliandika kwa wino mwekundu kwamba nimebana. Sasa kastaafu, anafuga nyuki, mvi zimemtoka mpaka masikioni, lakini kile kidole hakijastaafu.

Mimi ni Happyness wa steshenari, pale barabarani jirani na wauza nyanya. Baba yangu alihamia Nyantakara kutoka Shinyanga akiwa na ng'ombe wake, mimi nikahamia Nyakahura na mashine ya kutoa kopi, kila mtu na mifugo yake. Siku ya soko Mwalimu haachi kupita. Anaegesha baiskeli, anasimama mlangoni mpaka nimwamkie, anaitika marahaba, anauliza kama nimekula, kisha anakalia kiti cha wateja. Wateja wanasimama. Nani atamwambia mwalimu wake ainuke?

Vijana wetu waliosoma walianzisha wiki ya wenyeji wa Biharamulo na Ngara. Wiki ni tovuti ambayo yeyote anaweza kuandika, na yeyote anaweza kurekebisha alichoandika mwenzake. Sehemu ya kwanza ilimfurahisha Mwalimu, ya pili akaiona ni utovu wa adabu. Akajiunga hivyo hivyo. Akaandika habari za nyuki, akaandika habari za mnada wa ng'ombe, akaandika kwa nini vijana wa siku hizi hawajui kushona kifungo.

Taabu ilikuwa kidole. Kwenye wiki, ukianza mstari kwa nafasi, hata nafasi moja tu, mashine inaelewa kwamba unataka maneno yako yabaki vile vile ulivyoyapanga. Inayafungia ndani ya kiboksi, inayaandika kwa herufi za taipureta ya zamani, na haikati mstari mpaka ukate wewe. Mwalimu hakati. Aya yake ya nyuki ilianzia hapa Nyakahura ikaishia Rusahunga. Unapangusa kioo kwenda kulia, unapangusa, unapumzika, unapangusa tena, ndipo unakutana na nukta.

"Mwalimu, futa hiyo nafasi ya mwanzo," nilimwambia.

"Aya isiyo na nafasi ni mtu aliyeingia kwa watu bila kupiga hodi."

"Hodi umepiga, lakini wamekufungia sandukuni."

Alicheka sana, akaomba maji ya kunywa, na nafasi yake hakuifuta.

Ningemtania hivyo mpaka uzee wangu kama si habari ya mke wake. Mama Magdalena ni Mhangaza wa Mugoma kule Ngara, na kwao ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za kumuaga binti anayeolewa. Hata baada ya kuolewa huku Biharamulo, watu wa Mugoma walikuwa wakimtumia nauli. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa koo. Alipona, tunamshukuru Mungu, ila sauti haikurudi. Anaongea kwa kunong'ona, na kukiwa na pikipiki inapita nje husikii kitu.

Sasa mjukuu wake Ernesta akapata mchumba. Ernesta ni mtoto wa Felisita, binti yao aliyeolewa kule kule Mugoma, na ndiko sherehe ya kuaga itakakofanyika. Bibi mtu hakutaka kitenge wala kiti cha mbele. Alitaka jambo moja, mjukuu wake aagwe kwa nyimbo zote na kwa mpangilio wake, kama alivyowaaga watoto wa wenzake. Kuna wimbo wa kumtoa binti ndani, kuna wa kumshukuru baba, kuna wa kumkanya, zipo nyingine katikati, halafu unakuja wa mlangoni, ambao ndio wa mwisho. Ukimkanya kabla hujamtoa ndani, unamkanya nani?

Atakayeimba ni Restuta, mdogo wake Mama Magdalena, pamoja na wanawake wa Mugoma. Restuta ana koo zuri na kichwa chepesi. Hilo halisemi dada yake, nalisema mimi. Alikuwa akiitikia tu miaka yote, hakuwahi kujishughulisha na nini kinafuata nini. Kumfundisha kwa simu ndiyo haiwezekani, kwa sababu kunong'ona hakufiki Mugoma. Basi Mwalimu akasema, tutaziweka kwenye wiki, wazisome wenyewe.

Walikuja wote wawili dukani. Mama Magdalena alinong'ona maneno huku akigonga mapigo kwa kijiko kwenye kikombe changu cha chai, Mwalimu akachapa kwa kidole kimoja, kile kile. Kila alipofika mahali pa kuimba kwa nguvu, yule mama alifungua mdomo, kisha akaufunga, akagonga kijiko. Niliumia. Nilijifanya mashine imekwama karatasi, nikainama nyuma yake mpaka macho yakakauka.

Ukurasa ukatoka. Juu orodha ya nyimbo, chini maneno ya kila wimbo. Keshoye Restuta akapiga simu, Mwalimu akaweka spika.

"Shemeji, hii orodha yako imetuchonganisha huku."

"Imefanya nini?"

"Nyimbo zote ni namba moja. Wa kumtoa ndani, moja. Wa baba, moja. Wa kukanya, moja. Sasa kila mwanamke hapa anasema wake ndio unaoanza, na yule anayependa kukanya ameshaanza mazoezi."

Nilifungua ukurasa nikacheka mpaka nikashika meza. Vijana wa wiki walikuwa wamemfundisha Mwalimu kwamba orodha haiandikwi namba kwa mkono. Unaanza mstari kwa alama ya reli, ile ile unayobonyeza ukiangalia salio, na wiki inahesabu yenyewe. Reli aliziweka, tena zilinyooka. Ila baada ya kila wimbo aliruka mstari, maana hoja imekwisha. Na wiki ikikuta mstari mtupu katikati, inajua orodha imefungwa, inaanza nyingine upya. Moja, moja, moja, mpaka mlangoni.

"Usiruke, Mwalimu. Reli ifuate reli."

"Zitabanana."

"Wacha zibanane, zinakwenda harusini."

Alishika kile kitufe cha kufuta kwa huzuni ya mtu anayeng'oa miche yake mwenyewe. Mstari mtupu wa kwanza ukaondoka, ikatokea mbili. Akaendelea. Namba zilipokaa sawa zote alizitazama kwa muda mrefu, akasema mashine haina malezi lakini kuhesabu inajua. Restuta akatuma ujumbe wa shukrani. Yule mpenda kukanya, tulisikia, alinuna.

Tukadhani tumemaliza. Lakini kwenye wiki kuna mhariri anayejiita Mfagizi, hatumjui ni wa wapi, kazi yake ni kupita akisafisha kurasa za watu. Akapita kwenye nyimbo. Akakuta viboksi vya Mwalimu, akafuta nafasi zote za mwanzo wa mistari, ukurasa ukang'aa, hakuna tena safari ya Rusahunga. Mwalimu akazirudisha. Mfagizi akazifuta. Mwalimu akamwandikia kwenye ukurasa wa majadiliano: "Ndugu Mfagizi, kama umri wako unastahili, shikamoo. Kama haustahili, ulipaswa wewe kuniamkia kabla ya kugusa kazi yangu." Mfagizi akajibu kwamba viboksi havisomeki kwenye simu, na akiendelea kuvirudisha, ukurasa utaombewa kufutwa.

Mimi, niseme ukweli, nilikuwa upande wa Mfagizi. Nilimwambia Mwalimu amwache mtu wa watu afagie, Ernesta anaagwa Jumamosi, ukurasa ukifutwa Restuta ataimba nini, bei za nyanya? Aliinuka kwenye kiti cha wateja bila kuombwa, akapanda baiskeli.

Alirudi na mke wake amekaa nyuma kwenye karia. Mama Magdalena aliingia, nikamwamkia, akaitika kwa kichwa. Akaonyesha kompyuta. Akanong'ona kwamba anataka wimbo wa mlangoni, nikamfungulia. Akasoma huku kijiko kikigonga, nusu ya wimbo kikaenda vizuri, halafu kikasimama hewani. Akarudia tangu mwanzo. Kikasimama pale pale.

Nikamsogelea.

"Kimya kiko wapi?" alininong'oneza.

Sikumwelewa. Mwalimu ndiye aliyenieleza, na safari hii hakunieleza kama mwalimu. Katika wimbo wa mlangoni, kama Mama Magdalena alivyofundishwa na mama yake, katikati ya mstari mmoja waimbaji wote wananyamaza. Kiongozi anamwita binti kwa jina la utotoni, mara ya mwisho akiwa bado binti wa nyumba ile. Binti anaitika. Ndipo wimbo unaendelea, na anavuka mlango. Mwalimu alikuwa amekiandika kile kimya kwa njia pekee aliyoijua. Aliacha nafasi. Aliacha vidole vitano, sita, kwenye ule mstari, na mstari wa waitikiaji akauanzisha chini ya mahali kimya kinapoishia, wajue pa kungoja.

Ndani ya kiboksi vile vidole vilibaki. Mfagizi alipokifuta kiboksi, wiki ikaviminya vyote kuwa nafasi moja ya kawaida, maana nje ya kiboksi, uache nafasi moja au uache ishirini, yenyewe inaonyesha moja. Restuta angepita pale mbio mbio kama mtu anayevuka mtaro, na Ernesta angetoka nyumbani kwao hajaitwa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza Mwalimu.

"Nilisema nafasi ni muhimu."

"Umesema hivyo tangu nina miaka tisa, hata kwa barua ya kuomba ruhusa ya kwenda kuchuma kahawa."

Mama Magdalena alicheka. Kicheko chake sasa hakina sauti, mabega tu ndiyo yanacheka, ila tulikiona.

Tukafanya kazi. Orodha ikabaki ilivyo, reli kwa reli. Nyuki na mnada Mwalimu akakubali viachwe bila viboksi, akasema nyuki hawasomi. Nyimbo nyingine nazo zikabaki alivyozifagia Mfagizi. Wimbo wa mlangoni peke yake tukaurudishia nafasi moja mwanzoni mwa kila mstari, mistari tukaikata mifupi itoshe kwenye simu, na Mama Magdalena akapima kimya kwa kijiko. Mwalimu alibonyeza nafasi, akamtazama mkewe, akabonyeza nyingine, mpaka akaambiwa kwa mkono inatosha. Halafu akamwandikia Mfagizi, bila shikamoo na bila kisirani: "Hapo watu wananyamaza ili mtoto aitwe. Tafadhali usipafagie." Mfagizi alijibu neno moja, "Nimeelewa", na hakugusa tena.

Jumamosi nilifunga duka nikaenda nao Mugoma. Sikualikwa rasmi, lakini ningekaaje? Wanawake walikuwa uani kwa Felisita, na Restuta mbele yao ameshika simu mbali na macho, maana miwani anasema ni ya wazee. Wimbo wa kumtoa ndani ukaanza. Ukafuata wa baba, na baba mtu akatazama viatu vyake mpaka ukaisha. Mpenda kukanya alisubiri zamu yake, akakanya kwa nguvu iliyopita mipaka. Kila namba ilikuja mahali pake. Mwalimu alikuwa akihesabu kwa midomo, nilimwona.

Mama Magdalena alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, kijiko mkononi. Tulikuwa tumekubaliana kwamba pale pa kimya Restuta ndiye ataita, kwa vile ndiye mwenye sauti. Wimbo wa mlangoni ukaanza, ukapanda, ukafika kwenye ule mstari, na wanawake wote wakakata mara moja. Simu zilikuwa wazi mikononi mwao, nafasi wanaiona.

Restuta hakuita. Alishusha simu yake akamtazama dada yake, akangoja.

Sijui kama alikuwa amelipanga au lilimjia pale pale. Ua mzima ulikuwa kimya, hata wenye kupika walisimama na miiko yao. Na katika kimya kile Mama Magdalena aliita kwa kile kinong'ono chake, ambacho dukani kwangu pikipiki moja tu inakizima.

"Kanyana."

Tulisikia mpaka sisi tuliokuwa nyuma kwenye migomba. Ernesta aligeuka mlangoni, akapiga magoti.

"Abee, bibi."

Waitikiaji walitakiwa kuingia hapo, chini kabisa ya mahali kimya kinapoishia, kama ilivyoandikwa. Hawakuweza mara moja, hata Restuta, koo lote lile. Mwalimu alikuwa ametupa mgongo, anakagua mkungu wa ndizi usio wake, na kidole chake kimoja kiko machoni.