Nilimpeleka mama mkwe kuangalia tembo ili arudi kwake Sikonge

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji tu, huwa nacheka na kupita. Leo naleta langu. Ni la kweli, na mke wangu naye yumo humu, kwa hiyo nikiongeza chumvi atanisuta hapa hapa mbele yenu.

Niko Tabora mjini, fundi makochi. Kama umewahi kukaa kwenye kochi hapa mjini likakupokea vizuri mpaka ukasahau ulichofuata, huenda ni kazi ya mikono yangu.

Sasa kochi la nyumbani kwangu nilikuwa silikalii. Lilikuwa na mwenyewe.

Mama mkwe.

Watani zangu wa pwani, nyie ambao mkwe mnakula naye sahani moja na kutaniana juu, ngoja niwaeleweshe. Sisi Wanyamwezi tuliolelewa kizamani, mama mkwe hatumzoei. Simwangalii usoni. Sili mbele yake, naye hali mbele yangu. Nikiwa na neno namwambia mke wangu huku mama anasikia, na mama anamjibu mke wangu huku mimi nasikia. Nikifika nyumbani nakohoa getini, ili kama yuko sebuleni apate nafasi ya kusogea.

Swali, kwenye nyumba ya vyumba viwili na sebule mtu anasogea kwenda wapi?

Mara nyingi aliyesogea ni mimi.

Alikuja kwetu kwa sababu ya tembo. Habari tuliyoletewa ni kwamba wameingia shambani kwake huko Sikonge, wamefyeka mahindi yote na kihenge cha nafaka wamekiangusha. Mzee wake, yaani baba mkwe, alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka uliopita, watoto wote wako mijini. Ningesema nini? Nikasema aje, apumzike siku mbili tatu.

Alikuja na begi dogo. Mvua zikaisha, watu wakavuna tumbaku, wakaikausha, wakaiuza, mama bado anapumzika. Kochi likaanza kubonyea upande mmoja. Mimi ni fundi, najua maana ya kochi kubonyea upande mmoja.

Nikawa mtu wa kula karakana. Mpira naangalia kwa jirani. Nyumbani kwangu nikawa napita kama mtu wa kusoma mita.

Nikimuuliza Mama Neema, yaani mke wangu, mama anarudi lini, jibu ni lile lile. "Tembo bado wapo."

Ndipo mteja wangu mmoja, mtu wa mambo ya utalii, akaniambia kuna kituo cha kulelea tembo yatima huko porini, mbele ya Sikonge. Jina silitaji, nisije nikaonekana nimelipwa. Akasema kituo hicho ni ethical.

Nikamuuliza ethical ndiyo nini.

Akasema huwapandi, huwashiki, huwalishi, hawachezeshwi sarakasi. Unakaa kwa mbali, unaongea taratibu, unawapa heshima yao.

Nikasema moyoni, mbona hayo nayafanya kila siku nyumbani na sijawahi kuitwa mtalii.

Hapo hapo mpango ukanijia. Nimpeleke mama akaone tembo wapole, wale watoto wanaonyweshwa maziwa kwa chupa. Hofu imtoke. Na kwa kuwa kwake ni njiani wakati wa kurudi... nadhani mnanielewa. Hata begi lake nilishauri libebwe, kwa sababu porini kuna baridi.

Mama Neema akampelekea ujumbe chumbani. Jibu likaja kupitia ukuta, "Mwambie Baba Neema nimeshukuru sana. Hajawahi mtu kunitembeza. Mwambie nitavaa gauni la kwaya."

Wakuu, hapo roho iliniuma kidogo. Lakini ni kidogo tu.

Tukakodi gari. Mimi mbele na dereva, wao nyuma. Tatizo likawa kile kioo cha katikati, kila nikiinua macho namwona mama. Nikageukia dirishani nikaangalia miti ya miombo na baiskeli zenye madumu ya asali mpaka shingo ikakakamaa. Dereva ni mtu wa kuja, akaniuliza kama nimegombana na familia.

Kituoni tukakuta bango kubwa linaloeleza kwamba misafara ya zamani ya pembe za ndovu ilipita maeneo haya. Babu zetu walibeba pembe hizo mabegani mpaka pwani. Wajukuu tunalipa kiingilio ili tuambiwe tusimguse mwenye pembe. Ndiyo maendeleo.

Mwongozaji, kijana mpole mwenye kofia, akatuomba tutulie kidogo tuitafakari historia hiyo. Kulikuwa na wazungu wawili, wakatafakari mpaka mmoja akafuta machozi. Mimi nilikuwa natafakari jinsi ya kuteremka njia nyembamba bila kugongana na mama mkwe.

Gauni la kwaya lilikuwa la njano ya kuumiza macho, wakampa koti la kijani alifunike. Kisha mwongozaji akasoma masharti.

"Msiwakodolee macho. Msile chochote mbele yao. Msisimame kwenye njia yao. Ukikutana naye, wewe ndiye unayempisha. Na kabla hatujafika huwa tunatoa sauti kidogo, wasishtuke."

Akakohoa kutuonyesha.

Nikasikia mama anamnong'oneza mke wangu, "Mwanangu, hawa tembo wameoa kwa nani?"

Mama Neema alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilijifanya sijasikia, maana kisheria sikutakiwa kusikia.

Tukafika kibandani. Ni kibanda cha miti chenye uwazi wa kuchungulia na benchi moja. Wazungu wamekaa, mke wangu amekaa, mama amekaa. Nafasi iliyobaki ni ya mtu mmoja, ubavuni kwa mama mkwe, bega kwa bega.

Nikasema mimi nipo sawa hapa nje.

Mwongozaji akasema kaka, ingia. Nikasema napenda hewa. Akasema kaka, hapo uliposimama ni njia.

Kweli, vichaka vikafunguka akatokea jike moja kubwa, nyuma yake watoto. Huyu naye alilelewa pale pale, sasa ni kama mama yao. Anakuja kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda, na mimi niko katikati ya anakokwenda.

Nawaambieni ukweli, nilisimama pale nikipima. Kushoto tembo. Kulia benchi la mama mkwe. Na bado nilikuwa sijaamua.

"Baba Neema! Ingia ndani, mwanangu, utakufa kwa heshima!"

Ni mama huyo. Tangu nioe, ndiyo mara ya kwanza kunisemesha mimi mwenyewe, tena kwa sauti.

Niliingia. Nikakaa. Bega kwa bega. Yule jike akapita karibu kabisa na kibanda, hakutuangalia hata kidogo, akaenda zake.

"Huyu kafundwa," mama akasema, hakuna aliyejua anamwambia nani.

Kisha wakaleta kadogo kuliko wote, bado kanatetemeka miguu. Mama yake alikufa. Mwongozaji akaeleza kwamba kalipoletwa, kalikuwa kanakunywa maziwa vizuri tu ila hakalali. Mpaka mlinzi mmoja akahamishia kitanda chake zizini. Sio kwamba anakafanyia lolote. Kanataka tu kusikia kuna mtu anapumua.

Mama akauliza, "Na kakipona mnakafukuza?"

"Hapana mama. Hatumfukuzi yeyote. Siku akiwa tayari ataondoka mwenyewe. Na wengine wanarudi kutusalimia."

Mimi nikaanza kuangalia viatu vyangu. Begi lake lilikuwa kwenye buti ya gari, nimelifunga kwa mkono wangu.

Wakati wa kurudi, tulipokaribia njia ya kijijini kwake, nikapanga nikae kimya. Nikasema moyoni tunyooke tu Tabora, kochi nitatengeneza jingine.

Mama ndiye aliyesema. "Mwambie dereva akate kushoto."

Tukafika. Nilitegemea kukuta uharibifu. Wakuu, kihenge kimesimama wima kama kimejengwa jana. Shamba lina mabua ya mavuno, jirani alivuna na kuhifadhi. Kona moja tu ya chini, upande wa pori, ndiyo ilikuwa imekanyagwa.

Nikamgeukia mke wangu. Mke wangu akaangalia mawingu. Alikuwa anajua!

Hasira ilinipanda jamani. Miezi yote ile nakula karakana na vumbi la sponji, kumbe tembo walipita kona!

Mama akasimama mlangoni, kanipa mgongo kama desturi inavyotaka. Akaongea na mlango, lakini safari hii hakumtaja mke wangu.

"Tembo walikuja kweli, baba. Ila hawakunifukuza. Mzee alipoondoka, jioni hapa ilikuwa haina mtu wa kuingia. Pale kwako nilikuwa nasikia unakohoa getini. Basi nalala."

Kisha akaingia ndani na begi lake.

Hasira yote iliisha pale pale, nikabaki nimesimama na funguo za gari ambalo si langu, dereva alizonipa nifungue buti.

Hiyo ndiyo safari yangu ya utalii. Nilitoka nyumbani kumtoa mtu hofu ya tembo, mtu ambaye hakuwa na hofu ya tembo. Funzo nililopata ni kwamba kabla hujapanga mbinu za kumrudisha mgeni kwake, muulize kwanza alichokimbia. Hata kupitia ukutani.

Kochi ninalo sasa. Nalikalia, mpira naangalia, nakula nikitaka. Ule upande uliobonyea sijaurekebisha, na mnaojua kazi yangu msiniulize kwa nini. Kila jioni nikifika getini bado nakohoa, na kuku ndio wanaosogea.

Jumamosi iliyopita nilimwambia Mama Neema nakwenda Sikonge kufuata mbao. Sikonge nilifika. Mbao sikufuata. Nikasimama nje ya ua wa mama, nikakohoa.

Ndani nikasikia kiti kinaburutwa, mtu anasogea. Kisha sauti ya mama ikatoka uani, akiuambia mlango, "Haya. Amefika."

Wenye wakwe, na nyie mnaokaa nao sahani moja, uwanja ni wenu. Mnicheke, ila taratibu.