Ndege wa Miguu Sita

Tulipohama kambi ya wafanyakazi wa reli, pale Elisabethville, tulipata nyumba karibu na mto, yenye bustani iliyojaa maua. Jioni ya kwanza mume wangu aliona kitu kidogo kikielea mbele ya ua, mabawa yakitetemeka, mdomo mrefu ukinyonya ndani.

"Mama, angalia ile ndege," aliniambia.

"Ile haiko ndege, Baba. Iko mududu."

Alicheka. Alisema kama ni mdudu, atanipikia bukari, ugali wetu, juma zima, naye hakuwahi kushika mwiko maishani. Alivua kofia, akanyemelea, akaruka, akaangukia matembele yangu, lakini alikuwa amemnasa. Tulimfunika kwa glasi mezani. Alikuwa nondo mnene mwenye manyoya mgongoni. Mume wangu alihesabu miguu mara tatu.

"Iko ndege ya miguu sita," alisema kwa sauti ndogo, kisha akaenda kutafuta unga.

Bukari ya kwanza ilikuwa mabonge matupu. Tuliila hivyohivyo. Siku ya nne kitu kingine kidogo kilitua kwenye maua yaleyale, kifua chekundu kinachong'aa. Safari hii hakutaka kudanganyika.

"Ile iko mududu," alisema. "Kama iko ndege, nitapika juma ingine."

Kile kitu kikaimba, kikarukia kiota kilichoning'inia kwenye mpera, na vifaranga wawili wakatoa vichwa. Mume wangu akarudi jikoni kuchukua mwiko.

Juma la pili alijifunza kupika hata sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nakiri ilishinda yangu.