Mche wa Fedha Tulioukata kwa Msumeno

Tulikuwa wanawake wanane, sote wa upande wa Muthara huko Meru, na majina ya wenzangu ninayo kichwani mpaka leo: la ubatizo, la nyumbani, na lile la utani ambalo mtu huitwa akiwa hayupo. Siyaandiki hapa. Wengine wameshalala, na wajukuu wao hupita mlangoni kwangu kila siku wakienda shule. Sitaki kuulizwa maswali.

Kikundi chetu kilikuwa na vikombe, sahani na sufuria kubwa, na tulikodisha kwa harusi na mazishi. Pesa tuliweka posta. Lakini miaka ile vyama vingi vya siasa vilipoingia, mambo ya bei yaliharibika kabisa. Ulikuwa ukimtuma mtoto dukani na pesa za sukari, anarudi na pesa zile zile mkononi, anasema, "Imeongezeka tena." Mwenyekiti wetu alituita nyumbani kwake akasema kitu ambacho hata mimi niliyeishia darasa la tatu nilikielewa mara moja: "Tuliweka posta bei ya ng'ombe. Tukienda kutoa leo, tutapewa bei ya mbuzi. Na ng'ombe hakuibwa na mtu."

Hilo la ng'ombe kuwa mbuzi bila mwizi lilinisumbua. Nilikuwa mtu wa kuuliza, na mume wangu alisema ningezaliwa mwanamume ningekuwa polisi. Siku ya soko nilimwona mwanamke mmoja Mborana wa kaskazini aliyekuja na biashara ya mbuzi, mkono wake umejaa bangili nyeupe nzito. Nikamuuliza kwa nini anatembea na mali mkononi badala ya kuiweka benki. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

"Hii ni fedha, madini yenyewe," akasema. "Ukame ukija, mbuzi wanakufa. Hii haifi. Nauza moja, nakula. Nauza nyingine, nakula tena."

Niliporudi kwa kikundi na hadithi hiyo, wengine walicheka, lakini mwenyekiti hakucheka. Wiki iliyofuata tulienda mjini Meru kwa sonara, Mhindi mmoja mzee aliyekuwa na duka jembamba. Tulikuwa watatu: mwenyekiti, mimi, na rafiki yangu ambaye tulimwita Mwembu hata mbele ya kasisi, maana alikuwa ameolewa kutoka Kanja, Embu.

Huyu Mwembu lazima nimweleze kidogo. Mumewe alikuwa amekufa, wasichana wake wameolewa, mtoto wa kiume hana, na mashemeji walikuwa wameanza kulipima shamba lake la kahawa kwa macho kila wakipita. Kaka yake huko Kanja alikuwa amemwambia, njoo nyumbani, kona ya kujenga iko, na mbao nitakupa, lakini mabati ujitafutie. Kwa hivyo wakati sisi tunafikiria akiba ya kikundi, yeye alikuwa anafikiria paa. Na sehemu yake kwenye akiba ile ndiyo mali pekee ambayo shemeji hangeweza kuipima.

Sonara alitoa vitu viwili akaviweka juu ya kitambaa cheusi. Kimoja kilikuwa sarafu za fedha, mpya, zinang'aa. Kingine alituonyesha kwenye picha, mche mzima wa fedha, kama tofali dogo, wa kilo moja, ambao angeagiza Nairobi.

"Sarafu ni rahisi kuuza," akasema. "Unataka pesa kidogo, unauza moja. Lakini bei yake iko juu, kwa sababu kuna kazi ya kuitengeneza. Mche ni bei nafuu. Kwa pesa hiyo hiyo unapata fedha nyingi zaidi. Lakini huwezi kuuza kidogo kidogo."

"Mimi nataka sarafu," Mwembu akasema papo hapo.

Mwenyekiti alikuwa ameshika sarafu moja, anaigeuza kwenye mwanga. Nilimwona uso unabadilika. "Na huyu ni nani?"

Kwenye sarafu kulikuwa na mwanamke ameketi juu ya ua, na mikono yake ilikuwa minne.

"Huyo ni mungu wetu wa mali," sonara akasema. "Wakati wa sikukuu yetu watu wananunua, inaleta baraka."

Mwenyekiti aliirudisha kitambaani polepole kama mtu anayerudisha yai kwa kuku mkali. Alikuwa mzee wa kanisa. "Baba, sisi hatuwezi kuweka huyu mama ndani ya nyumba ya maombi."

"Lakini mkono wa nne hautamuuma mtu," Mwembu akasema. "Tutamfunga na kitambaa, asituone."

"Wewe Mwembu, usianze."

"Sianzi. Nyinyi Wameru mnakasirika hata na picha."

Sonara alicheka. Mimi nikaona hapo ndipo pa kumuuliza kile kilichokuwa kikinisumbua. Nilikuwa nimesikia kwenye redio kwamba serikali huweka dhahabu. Nikamuuliza ni ya nini, na kama ni ya kununua vitu kwa nini hainunui sukari.

"Mama, hiyo si ya kununua. Ni ya kukaa. Watu wakijua iko, wanaamini noti za karatasi."

"Na iko wapi?"

"Nchi kubwa zinaweka nyingi chini ya ardhi, kwenye vyumba vya chuma. Ya hapa kwetu ni kidogo sana. Sisi tunaweka zaidi pesa za nchi nyingine."

"Kwa hivyo karatasi yetu inasimama juu ya karatasi ya wenyewe, na ya wenyewe inasimama juu ya dhahabu iliyo chini ya ardhi?"

"Siku hizi hata hiyo ya wenyewe haifungwi tena na dhahabu kama zamani. Lakini dhahabu bado wanaiweka. Hawaiuzi ovyo."

"Wewe umeiona?"

"Mimi? Hapana."

"Basi nani ameiona?"

Alivua miwani akaipangusa. "Mama, siku watu wote wakianza kuuliza hivyo, tutafunga duka."

Nilitoka pale kichwa kinazunguka. Njia yote mwenyekiti na Mwembu walibishana juu ya mama wa mikono minne, na mimi nilikuwa bado chini ya ardhi kwenye vyumba vya chuma.

Kikundi kilipopiga kura, mche ulishinda. Mwembu peke yake alitaka sarafu, na mimi, nasema ukweli, nilitaka kuona huo mche. Alipouliza, "Na mtu akitaka kutoka na sehemu yake?" mmoja wetu alimjibu, "Tutakukatia kama sabuni." Wote tukakubali. Mnajua mche wa sabuni ya kufulia: mwenye duka anaweka kisu, anabonyeza, unapata kipande chako unaenda. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona tofauti.

Mche ulikuja. Ulikuwa mdogo kuliko tulivyofikiria na mzito kuliko ulivyoonekana. Upande mmoja, karibu na mwisho, ulikuwa umepigwa muhuri: alama ya waliouyeyusha, uzito, na nambari za kuonyesha ni fedha safi. Kila mwanamke aliupakata kidogo kama mtoto aliyezaliwa. Mwenyekiti aliuzika ndani ya debe la njahi, yale maharagwe meusi, na tukaandika sheria kwamba akiba haiuzwi mpaka wote wakubali.

Halafu nikaona jambo la ajabu. Mwenye duka la jumla, ambaye zamani alitaka pesa kwanza ndipo atoe sufuria, sasa alitupa kwa mkopo bila kuomba. Habari zilikuwa zimemfikia. Huko sokoni mche ulikuwa umeshakuwa miwili, halafu ukawa dhahabu. Hakuna aliyeuona. Ulikuwa umelala kwenye njahi, na huko nje unatufanyia kazi. Nilimwambia mume wangu, sasa ninaanza kuelewa serikali. Akaniambia nilete chai.

Miaka kama miwili ikapita. Mashemeji wa Mwembu walichoka kupima kwa macho, wakaleta kamba. Alikuja kwa mkutano wetu akiwa amevaa nguo za safari, ingawa haikuwa siku ya kusafiri, akasema hakai tena, anataka sehemu yake aende Kanja kabla ya mvua.

Tatizo likawa hili. Pesa taslimu hatukuwa nayo, tulikuwa tumenunua viti. Kuuza mche wote tusingeweza, maana sonara alituambia bei ya fedha wakati huo ilikuwa imeshuka, tungepoteza sote wanane kwa ajili ya mmoja.

"Subiri bei ipande," mwenyekiti akamwambia.

"Mvua itasubiri?"

Akatua kiondo chake chini.

"Mlisema mtanikatia kama sabuni," Mwembu akasema. "Basi leteni kisu."

Mwenyekiti alileta kisu kweli. Aliweka, akabonyeza, akasimama juu yake na uzito wake wote, ambao haukuwa kidogo. Kisu kikapinda. Kwenye mche kukabaki mkwaruzo kama wa kucha ya paka. Ndipo tulipojua hatukununua sabuni.

Siku iliyofuata tulienda sote Makutano kwa fundi wa kuchomelea milango na madirisha. Tulimzunguka kijana wa watu mpaka wateja wake wakadhani kuna ajali. Akaushika mche, akaupima mkononi.

"Mama zangu, hii ni ya kufunga mlango gani?"

"Wewe kata tu. Wapi, tutakuonyesha."

"Nitakata bure. Mniachie ule unga utakaoanguka."

"Hata chembe!" tukamjibu kwa sauti moja.

Tukatandika leso chini ya meza yake. Kupima ilikuwa kazi yangu. Nilichukua uzi, nikaukata urefu sawa na mche, nikaukunja mara mbili, mara nne, mara nane. Kipande kimoja cha uzi kikawa sehemu ya Mwembu. Mwenyekiti akauweka uzi kwenye mwisho usio na maandishi, fundi akatia alama ya chaki, akainua msumeno wa chuma.

"Ngoja," Mwembu akasema.

Fundi akangoja.

"Hapo hapana muhuri. Nikifika kwa sonara wa Embu na kipande kisicho na maandishi, nitamwambia nini? Kwamba ni fedha kwa sababu Wameru wamesema? Ataniambia nimeng'oa kwa redio mbovu."

"Na sisi tukikupa muhuri, tutabaki na nini?" mmoja akauliza. "Sisi ni saba. Wewe ni mmoja."

Maneno yakapanda. Wengine walisema ndiye aliyetaka kutoka, achukue kinachotoka. Mwingine akasema alikuwa akipanga kutuacha tangu siku ya sarafu. Mwembu alikuwa amesimama ameshika kiondo chake kwa mikono miwili, na mimi niliyemjua niliona kwamba akifungua mdomo atalia, na hakutaka kulia mbele ya mchoma madirisha.

Nikauliza, kwa sababu kweli nilitaka kujua, "Sisi tukiuza, tutamuuzia nani?"

"Si yule yule Mhindi wetu," mwenyekiti akasema.

"Na yeye anahitaji kusoma muhuri ndipo ajue mche ni wake?"

Mwenyekiti alitazama mche, jasho likimtoka chini ya kitambaa cha kichwa. Kisha akaushika mwenyewe, akaugeuza, mwisho wenye muhuri ukawa chini ya msumeno.

"Aliyetuuzia anatujua mpaka nyumba zetu," akasema. "Huyu anaenda kwa mtu asiyemjua. Kata hapa. Na ukigusa herufi moja, nitakufuata mpaka kwa mama yako."

Fundi alikata polepole sana. Unga mweupe uliteremka kwenye leso kama chumvi, na sisi tumeinama juu yake, hakuna anayepumua kwa nguvu. Kipande kilipoanguka kilikuwa cha moto. Mwembu alikiokota hivyo hivyo, akakirusha kutoka mkono hadi mkono, ndipo akacheka. Ule unga tuliufunga, tukampa pia. Mwenyekiti alisema ni wa misumari.

Nilienda Kanja kumwona mvua zilipokuwa zimeanza. Nyumba ilikuwa chumba kimoja cha mbao, na juu yake mabati mapya. Tuliketi barazani na chai, nikamwambia anieleze yote tangu mlango wa sonara.

"Alisoma muhuri," akasema. "Halafu akaona alama za msumeno. Akaniuliza nani amekata, nikamwambia ni sisi wenyewe, na fundi wa madirisha. Akachukua jiwe jeusi, akakwaruza kipande juu yake, akaweka tone la dawa ya kupima fedha, akangoja."

"Kwa hivyo hakuamini muhuri?"

"Hakuamini."

"Basi tulipigania nini siku ile? Angekwaruza hata kile kisicho na muhuri!"

Mwembu alifikiri, kikombe kikiwa karibu na mdomo. "Angekwaruza," akasema. "Lakini bila muhuri asingeniambia niketi. Niliingia na viatu vya matope. Aliposoma maandishi ndipo akavuta kiti."

Nilitaka kumuuliza zaidi, kama dawa ile ilibadilika rangi, na jiwe linatoka wapi. Lakini matone yalianza kutuangukia mabegani, maana mabati yalikuwa yametosha chumba tu, baraza ilikuwa bado wazi. Tukainuka, kila mtu na kiti chake, tukaingia ndani.