Nilivyolinyoosha bawa la ndege ya dada yangu

Wakuu, salaam. Nina la kusema juu ya nafsi yangu, na sitalipaka rangi.

Sauti ilitangulia. Mvumo mwembamba, kama nyuki ndani ya kopo, ukitokea nyuma ya mikarafuu ya Mtambile. Kisha ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti ikaonekana juu ya uwanja wa mpira: nyeupe, ya mianzi na foam ya masanduku ya samaki.

Aliyeiunda ni dada yangu Mize, mwalimu wa fizikia wa kujitolea. Siku hiyo alikuja mgeni kutoka bara kuchagua mtu mmoja wa Pemba akasomee uundaji wa drone. Sharti lake: ndege iende polepole kabisa, pua juu, na isipinduke.

Sasa sikilizeni nilichofanya kabla.

Mabawa ya Mize yalikuwa na msokoto. Karibu na mwili yameinua uso, kuelekea ncha yanainama kidogo. Mimi, mwandishi wa riwaya nisiyejua hata kubadilisha balbu, nikaona yamepindishwa na jua.

Kwetu kilichopinda hulazwa chini ya gunia la karafuu. Mkeka, ubao, hata cheti.

Basi adhuhuri, Mize akiwa shuleni, niliyachukua mabawa aliyoyaacha nyumbani, nikayabana baina ya mbao mbili kwenye sakafu ya kuanikia karafuu, saruji inachoma, nikapandisha magunia mawili juu. Alasiri yamenyooka kama rula. Nikasema atafurahi. Nikampelekea uwanjani yamefungwa kwenye shuka, naye akayakaza mbiombio, mgeni anasubiri.

"Bi Mize, ikikwama mkarafuuni n'nani atapanda?" muuza kahawa alimtania.

"Utapanda weye, si una miguu mirefu!"

Watu wakacheka. Ndege ikapaa, ikazunguka uwanja, kisha Mize akapunguza mota. Ndege ikainua pua, ikaenda taratibu, taratibu... ghafla bawa la kushoto likazama, ikajizungusha na kupiga pua chini.

Mgeni akaandika kitu, akashukuru, akatazama saa.

Mize aliokota bawa, akafumba jicho moja, akalitazama kwa urefu wake. "Msokoto wangu uko wapi?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwa mgeni. Sentensi moja ingetosha.

Nikanyamaza mpaka gari lake likaondoka.

Nyumbani ndipo nilipokiri. Mize akanieleza kama anavyowaeleza wanafunzi wake, na hilo liliniumiza zaidi.

"Ndege ikienda polepole, pua juu, hewa huliachia bawa. Ndiyo stall. Miye nilisokota ili hewa iachie karibu na mwili kwanza, ncha zibaki zimeshika, pua ishuke kwa adabu na niweze kuigeuza. Kasi naipoteza kidogo, najua, nimeridhia. Weye umenyoosha, ncha moja ikaachia kabla ya nyingine, ikapinduka."

"Sikujua, dada."

"Kutojua nakusamehe. Mgeni alipokuwepo, ulimi wako ulikuwa wapi?"

Wakuu, somo langu ni hili. Usinyooshe kazi ya mtu kabla ya kumwuliza kwa nini imepinda. Na ukiharibu, sema wakati kusema kunamfaa uliyemharibia. Mimi nilikiri ili nipumue mwenyewe.

Mliowahi kumkosea ndugu hivi, niambieni mlianzaje tena kuzungumza. Matusi pia nitayasoma.

Mize hakunitukana. Alivaa viatu, akachukua begi, akasema anakwenda kwa shangazi yetu, kule kijijini Gando, na nisimfuate.

Mlango aliufunga polepole, kama vile ndani kuna mgonjwa.